Bunge la Kaunti Huwasikia Wanaofika Mapema

Mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa ugatuzi nchini Kenya, Bunge la Kaunti ya Kiambu lilipitisha sheria ya fedha ya kuweka ada na tozo katika kaunti hiyo. Wakazi walioipinga walikwenda Mahakama Kuu na kusema kwamba sheria ilitungwa bila wananchi kushirikishwa. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliwakubalia na kuifuta sheria yote. Alieleza kwamba haitoshi bunge kurusha tangazo na kuwaachia wanaojali walisake wenyewe; lina wajibu wa kuwafuata watu makanisani, misikitini, barazani na kwenye redio za lugha zao. Kaunti ilikata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaikatalia.

Tangu hapo hakuna spika wala karani wa bunge la kaunti asiyejua kwamba mswada uliowapita wananchi pembeni unaweza kuanguka mahakamani. Ndiyo maana matangazo ya mikutano ya kukusanya maoni yamekuwa mengi: leo mswada wa fedha, kesho makadirio ya bajeti, keshokutwa sheria ya vileo. Watu huja, huketi kwenye viti vya plastiki, husema yao, kisha hurudi nyumbani. Miezi ikapita, sheria ikatoka, na wengi wasione neno lao hata moja ndani yake. Wakatoa uamuzi: hizi ni shughuli za kutuzuga.

Uamuzi huo unaeleweka, lakini unawafaidi wale wale wasiotaka kusikilizwa kwa mwananchi. Nguvu ya raia mbele ya bunge la kaunti ni ya kweli, na sheria imeiweka bayana. Tatizo ni kwamba tumefundishwa kuitumia siku ambayo imekwisha kupungua, yaani siku tunayoitwa. Mambo mengi huamuliwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, na baadhi huamuliwa baada yake, wakati sisi tumeshatawanyika.

Nyumba iliyo karibu

Kenya ina kaunti 47 na wadi 1,450. Kila wadi humchagua mwakilishi mmoja, yule tunayemwita MCA, na juu yao huongezwa wanachama maalumu ili idadi ya wanachama wa jinsia moja isizidi thuluthi mbili na ili vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizoachwa nyuma wapate sauti. Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010 kinalipa bunge hili kazi ya kutunga sheria za kaunti na ya kuisimamia serikali ya gavana.

Ukubwa wa nyumba hii ndio silaha ya mwananchi. Kaunti ya Lamu ina wadi 10 tu, Mombasa ina 30, na hata Nairobi, iliyo kubwa kuliko zote, ina 85. Kamati ya bunge la kaunti huwa na watu wachache mno. Kikundi cha wavuvi au chama cha wauza samaki kikiwashawishi wanachama wanne au watano wa kamati husika, kimekwisha kubadilisha mwelekeo wa ripoti. Jambo hilo haliwezekani kwa wepisi huo katika Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 wa kuchaguliwa na kuteuliwa. Isitoshe, mwakilishi wadi huishi na watu wake. Husali nao, huzika nao, na kila baada ya miaka mitano huwaomba kura.

Kabla ya kumwendea, hata hivyo, mtu ajiulize kama shida yake ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti, kilimo na mifugo, maji na usafi, taka, leseni za biashara na za vileo, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni mambo ya kaunti. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu na barabara kuu ni mambo ya serikali ya kitaifa. Nguvu nyingi hupotea kwa kumlaumu MCA juu ya darasa la shule ya upili huku zahanati, ambayo ni juu yake, ikikosa dawa na asiulizwe.

Mlango hufungwa kidogo kidogo

Sehemu kubwa ya ushawishi katika kaunti ni suala la pesa, na pesa zina kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kila kaunti hupaswa kuzifuata. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha, unaopanga kila idara itapata kiasi gani, huwasilishwa kabla ya 28 Februari, na bunge lina siku 14 za kuujadili. Makadirio ya bajeti huletwa kabla ya 30 Aprili. Bunge huyapitisha kabla ya 30 Juni.

Tarehe hizi ni vituo vya safari moja, na kila kituo hupunguza nafasi ya kubadili mambo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza pesa za umma kutengewa jambo lisilokuwemo katika mipango ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma nayo inasema kwamba bunge likitaka kuongeza pesa mahali fulani kwenye makadirio, ni lazima lizipunguze mahali pengine, tena bila kukiuka maazimio yaliyopitishwa kuhusu waraka wa Februari.

Tuseme wakazi wa wadi moja wana zahanati isiyo na chumba cha kujifungulia. Akina mama wa huko hukodi bodaboda usiku kwenda hospitali ya mbali. Mwezi Mei kunatangazwa mkutano wa maoni kuhusu bajeti, na watu kumi wanasimama kulieleza jambo hilo kwa uchungu. Mwenyekiti wa kamati anaguswa kwelikweli. Lakini afanyeje? Chumba hicho hakimo katika mpango wa Septemba, kiwango cha idara ya afya kiliwekwa tangu Februari, na kila shilingi atakayoiongeza hapo ni lazima aitoe kwenye mradi wa wadi nyingine yenye mwakilishi wake aliyeketi mezani hapo hapo. Atawashukuru kwa maoni na kuwaahidi mwaka ujao.

Watu hao hao wangeandika barua mwezi Julai, wakati idara ya afya inakusanya miradi ya mpango wa mwaka, kazi ingekuwa ya kuongeza mstari katika orodha ambayo bado haijafungwa. Februari wangerudi kuuliza kama idara ya afya imepewa kiwango kinachotosha. Mei wangekuja mkutanoni kulinda jambo lililokwisha kuwemo, na kulinda ni rahisi kuliko kuingiza.

Juu ya mipango ya kila mwaka upo mpango wa miaka mitano, ambao mipango hiyo huchota kwake. Mipango ya sasa ni ya 2023 hadi 2027, iliyoandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2022. Mingine itaandikwa baada ya uchaguzi wa 2027. Miezi ile michache ambayo magavana wapya bado wanapanga ofisi zao, na wananchi wamechoshwa na siasa za kampeni, ndiyo miezi ambayo miaka mitano huandikwa.

Kamati ndiyo jikoni

Mswada ukifika bungeni husomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika. Kamati huchambua vifungu, huita maafisa wa kaunti, hukusanya maoni ya umma na kuandika ripoti. Ndipo husomwa mara ya pili, hurekebishwa kifungu kwa kifungu na kusomwa mara ya tatu. Gavana hupewa siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha na sababu zake. Hauwi sheria yenye nguvu mpaka uchapishwe katika gazeti rasmi.

Hotuba za ukumbini ndizo zinazoonekana kwenye video, lakini vifungu hubadilika kwenye kamati. Mwananchi anayetaka jambo ajue mambo matatu: kamati gani inalishika, nani mwenyekiti wake, na lini itakamilisha ripoti. Yote matatu hupatikana katika ofisi ya karani wa bunge. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani, pamoja na za kamati zake, na halina ruhusa ya kuwafungia nje wananchi au wanahabari isipokuwa spika aone sababu maalumu inayokubalika. Mtu asisubiri mwaliko ili kuuliza ratiba.

Mwakilishi wa wadi yako ni muhimu, lakini si yeye peke yake. Kama yumo katika kamati nyingine, mwombe akupeleke kwa mwenzake wa kamati husika. Wanachama maalumu nao husahaulika bure. Mwanamke aliyeteuliwa, au mwakilishi wa watu wenye ulemavu, hana wadi ya kumvuta huku na huku, na mara nyingi anatafuta hoja ya kuibeba kwa jina lake. Jambo la vyoo vya soko visivyo na njia ya kiti cha magurudumu linaweza kupata mtetezi kwake kabla ya kumpata kwa mwakilishi wa wadi.

Sauti iliyoandikwa

Chukua mfano wa mswada wa fedha unaopendekeza ada ya siku ya wauza mboga ipande kutoka shilingi 30 hadi 50. Mtu akisimama mkutanoni akasema, "Ada imezidi, mnatuua," amesema kweli, lakini karani wa kamati hana la kuandika ila kwamba wakazi walipinga. Sasa fikiria kamati ikipokea ukurasa mmoja wenye maneno haya: tunapinga mstari huu wa jedwali hili, muuzaji wa mboga katika soko letu hubaki na faida ya shilingi kadhaa kwa siku, na haya ndiyo mahesabu ya wauzaji ishirini, soko halina maji tangu mwezi fulani, tunaomba ada ibaki shilingi 30 hadi maji yarudi, na wanaouza chini ya jua bila kibanda wasilipishwe. Chini yake majina na sahihi.

Ukurasa huo umempa mwenyekiti kila kitu: mstari wa kubadili, sababu ya kuutetea mbele ya waziri wa fedha wa kaunti, na sharti linaloonekana ni la haki. Hata asipokubali, itakuwa vigumu kwa ripoti yake kutolitaja ombi hilo jinsi lilivyo. Barua ipelekwe mapema, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ihifadhiwe. Suala likifika mahakamani siku moja, kama la Kiambu, karatasi hiyo ni ushahidi. Kelele za ukumbini hazipigwi muhuri.

Mwananchi pia hana haja ya kungoja serikali ilete mswada. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, ili bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, likiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Ardhilhali njema huandikwa kwa lugha ya heshima, hueleza tatizo kwa ufupi, hutaja ofisi zilizokwisha kuendewa na jibu zilizotoa, husema kama jambo lipo mahakamani, na humalizia kwa ombi moja lililo wazi. Ombi la "kuboresha afya" halitekelezeki. Ombi la kamati ya afya kuzuru zahanati fulani na kuripoti kwa nini gari la wagonjwa limekaa bila kutengenezwa linatekelezeka.

Na iandikwe kwa Kiswahili kama hiyo ndiyo lugha mnayoimudu. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna karani mwenye haki ya kuirudisha barua kwa sababu hiyo.

Yanayokwamisha

Itakuwa dhuluma kumtwika mwananchi mzigo wote. Miswada mingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na vitabu vya bajeti hujaa majedwali ambayo hata mwalimu mstaafu huyatazama mara mbili. Nyaraka huletwa siku mbili kabla ya mkutano, pengine asubuhi ya mkutano wenyewe. Ukumbi huwa makao makuu ya kaunti ndogo, na mama mboga atakayekwenda huko hupoteza mauzo ya siku na nauli juu yake. Pengo hilo ndilo huzibwa na posho: mtu fulani huleta matatu mbili za watu, huwapa hela ya chai, nao hupiga makofi inapotakiwa. Wafanyabiashara wakubwa na makandarasi hawaji kwenye viti vya plastiki. Wana simu za waheshimiwa.

Mahakama zimejaribu kuweka kiwango. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco Kenya, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishwaji wa kweli unahitaji jambo lieleweke, watu wote wanaoguswa wapate nafasi, na wawezeshwe kushiriki. Lakini tarehe 29 Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba hakuna sheria inayolilazimisha Bunge kutoa sababu za maandishi kwa kila pendekezo la umma linalokataliwa, ingawa ilihimiza utaratibu wa namna hiyo uwekwe. Uamuzi huo ulihusu Bunge la nchi, lakini somo lake linazihusu kaunti: tukitaka kujibiwa, tuzidai kaunti zetu ziandike wajibu huo katika sheria zao na kanuni za kudumu. Kutojibiwa ndiko kunakowafukuza watu kwenye mikutano kuliko hata nauli.

Miezi minne kabla ya uamuzi huo, Juni 2024, vijana waliupinga mswada wa fedha wa mwaka huo barabarani, wengine wakapoteza maisha, na Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani pamoja na ardhilhali katika sentensi moja, kwa hiyo njia hizi si maadui. Hata hivyo gharama ile ya damu inatuonyesha kinachotokea milango ya mapema ikiwa imefungwa au haijulikani. Vijana waliousoma mswada ule wa taifa kifungu kwa kifungu wana uwezo wa kuusoma wa kaunti yao, ambao husomwa na wachache sana.

Makueni

Mfano unaotajwa sana ni Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022. Kaunti hiyo ilijenga ngazi za mikutano kuanzia vijijini, zaidi ya vijiji 3,000, kupanda hadi wadi zake 30 na makao makuu. Kila ngazi watu walipanga miradi yao kwa umuhimu na kuchagua kamati ya kuisimamia. Mradi ukijengwa, kamati hiyo ilikuwa na macho juu ya mkandarasi.

Haikuwa safari ya amani. Mwaka 2014 ugomvi wa gavana na wawakilishi wadi kuhusu bajeti ulifika pabaya, risasi zikafyatuliwa katika makao ya bunge, na wakazi wakapeleka ombi kaunti yao ivunjwe ili wachague upya. Tume iliyoteuliwa kulichunguza jambo hilo ilipendekeza kaunti isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Funzo la Makueni ni hili: ushirikishwaji hauondoi siasa. Mwananchi akianza kupanga pesa, kuna mtu aliyekuwa akizipanga kabla yake, naye hatasogea kwa kuombwa tu. Ngazi zile zilisimama kwa sababu watu walikuwa wamejipanga kijijini.

Baada ya kura

Kupitishwa kwa bajeti si mwisho. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua moja ya kuomba mkataba, michoro na malipo ya ujenzi wa zahanati inaweza kufanya kazi ya mikutano kumi. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutakiwa kukamilisha ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na bunge hupewa miezi mitatu kuzijadili na kuchukua hatua. Kikao cha kamati ya hesabu kinachojadili ripoti hiyo hupata wageni wachache kuliko mkutano wowote, ilhali ndipo pesa zilizopotea hutajwa kwa kiasi na kwa idara.

Haya yote ni mengi kwa mtu mmoja, na hayakukusudiwa mtu mmoja. Chama kina watu wa kugawana: mmoja ashike kalenda, mmoja asome mswada na kuueleza kwa Kiswahili, mmoja aandike, mmoja awe na uhusiano na karani. Vyama vya akiba, vikundi vya wanawake, jumuiya za makanisa, kamati za misikiti na vyama vya bodaboda tayari vina watu, vikao na daftari. Kinachokosekana ni ajenda moja ya ziada katika vikao vyao.

Mabunge ya kaunti yana deni lao: nyaraka kwa Kiswahili wiki mbili kabla ya mkutano, vikao katika wadi badala ya makao makuu, na ripoti inayoonyesha lipi lilikubaliwa na lipi lilikataliwa na kwa nini. Machache yatalipa deni hilo kwa hiari. Mengine yatalipa yatakapoona kwamba kila Julai kuna barua mezani, kila Februari kuna watu wanaouliza juu ya kiwango cha idara yao, na kila ripoti ya ukaguzi inapojadiliwa viti vya wageni vimejaa. Kikundi kinachotaka kuanza kisitafute suala kubwa. Kichague zahanati moja, soko moja au barabara moja, kijue iko kwenye kituo gani cha kalenda leo, na kiandike barua ya kwanza wiki hii.